32 mbele, 40 nyuma: historia ya spoki zilizonisomesha

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kazi ya kuandika programu ilinibana, halafu nikajipa kazi nyingine isiyo na mshahara: kuunda magurudumu mawili ya baiskeli ya mbio kwa ajili ya mdogo wangu, huku nyumbani Kabras. Kwa hiyo leo hakuna habari za seva wala hifadhidata. Leo ni ringi na spoki. Najua wapo watakaosema hiyo si teknolojia. Nisomeni hadi mwisho, halafu mniambie.

Nianze na namba mbili nilizozijua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha: 32 na 40.

Baba yangu alikuwa boda boda wa baiskeli pale Malava. Mimi nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na nilipoanza shule pikipiki zilikuwa za kuhesabu. Abiria aliketi kwenye keria, juu ya mto wa sponji ulioshonewa kitambaa chenye nyuzi zinazoning'inia. Jioni baba akirudi, kazi yangu ilikuwa kuipindua ile Black Mamba, kuzungusha magurudumu na kugusa spoki moja moja kwa kidole. Mbele 32, nyuma 40. Nikipata iliyolegea au iliyokatika, baba hakuketi kula. Alikwenda kwanza kwa fundi. Hilo la kwenda kwa fundi usiku na njaa lilinishangaza, mpaka siku moja akaniambia kwamba gurudumu la nyuma likipinda kesho, hakuna kazi kesho, na ada ya shule haingoji.

Sasa rukeni mpaka Desemba iliyopita. Mimi ni mtu mzima, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nina baiskeli ya mbio ya mtumba yenye magurudumu ya kisasa: spoki 20 mbele, 24 nyuma, ringi ndefu nyeusi za kupendeza macho. Nilitoka Kakamega mjini kwenda Malava, safari ya kama kilomita 20 na ushei. Kabla sijaufikia msitu wa Malava nikasikia mlio kama kamba ya gitaa imekatika. Spoki moja tu. Lakini gurudumu lilipinda papo hapo, ringi ikaanza kusugua breki, na baiskeli ikagoma kwenda. Nikaibeba begani huku watoto waliokaa kando ya barabara wakila miwa wakinishangilia.

Fundi niliyemfikia ni mzee yuleyule aliyekuwa akimtengenezea baba. Sisi sote tunamwita kuka, yaani babu.

"Mulembe, kuka."

"Mulembe muno. Hiyo imekufa nini?"

Nikamwonyesha. Akazungusha gurudumu polepole, akihesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akaniangalia.

"Ziko 23. Zingine umeziacha wapi?"

"Zilikuwa 24, kuka. Imekatika moja."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Basi hawa walimtengenezea mtu asiye na safari."

Nilitaka kumtetea mhandisi aliyebuni lile gurudumu, lakini nilikuwa nimetembea kwa miguu kilomita tatu. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo swali moja likanikaa kichwani. Kama 24 zinatosha huko zilikotoka, kwa nini baba alipewa 40? Na kama 40 ndizo zinazofaa, kwa nini dunia iliziacha? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Gurudumu la mkokoteni lilikuwa la mbao, na spoki zake zilikuwa nene kwa sababu mzigo ulisimama juu ya ile ya chini, kama nyumba juu ya nguzo. Mwaka 1808 Mwingereza George Cayley alikuwa akifikiria chombo cha kuruka angani, na alitaka magurudumu mepesi kuliko yote. Akaandika katika daftari lake wazo la kuondoa zile nguzo za mbao na kuweka kamba zilizovutwa kwa nguvu kati ya kitovu na ringi. Ndege yake ya injini haikupatikana, ila wazo lilibaki. Mwaka 1869 Eugène Meyer wa Paris akapata hataza ya gurudumu la baiskeli lenye spoki za waya uliokazwa. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry akaongeza jambo ambalo mafundi wa Malava wanalifanya hadi leo: spoki zisitoke moja kwa moja katikati, bali zitoke kwa kulala upande na kukatana. Ukikanyaga pedeli, spoki zilizolala nyuma zinavuta ringi izunguke. Zikiwa zimenyooka, habu ingejaribu kuzisokota tu.

Mpwa wake, John Kemp Starley, akatoa baiskeli ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akiwa Belfast akapata hataza ya tairi la upepo. Ukiweka hayo mawili pamoja unapata babu wa Black Mamba.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa vibaya miaka yote. Spoki ya waya haiwezi kusukuma. Jaribu kuisukuma uone, inapinda, na nati yake inaingia kwenye tyubu. Basi baiskeli inasimama juu ya nini? Nilidhani habu inaning'inia kutoka spoki za juu. Mhandisi wa California, Jobst Brandt, alipiga hesabu kwa kompyuta na kuzichapisha mwaka 1981 katika kitabu chake The Bicycle Wheel. Hesabu zilionyesha kwamba ukiketi juu ya baiskeli, spoki za juu hazibadiliki sana. Zinazobadilika ni chache za chini kabisa: zinapoteza sehemu ya mkazo wake. Yaani mzigo unabebwa kwa mkazo uliowekwa tangu mwanzo na fundi, na kila spoki ikifika chini inautoa kidogo, ikipanda juu inaurudisha.

Tairi la kawaida la baiskeli ya mbio lina mzunguko wa kama mita 2.1. Kila kilomita linazunguka mara 470 hivi. Kutoka Kakamega hadi Malava ni zaidi ya mara 9,000, na kila mzunguko kila spoki inalegea na kukaza mara moja. Kunja waya na kuukunjua mara nyingi utaona unakatika bila kutumia nguvu. Ndivyo spoki inavyokufa, na kwa kawaida hukatikia pale kwenye kikunjo karibu na habu. Haikatiki kwa sababu leo umebeba gunia zito. Inakatika kwa sababu imelegea na kukazwa mara nyingi mno, na jinsi inavyolegea zaidi kila mzunguko ndivyo inavyokufa mapema. Ikilegea kabisa, hata nati yake huanza kujifungua yenyewe.

Kumbe basi idadi ya spoki ni idadi ya wabebaji. Watu wanne wakibeba kitanda cha mgonjwa, mmoja akijikwaa, mgonjwa anaanguka. Wakiwa wanane wanayumba tu na safari inaendelea.

Sasa turudi kwenye zile namba. Kwa miongo mingi, baiskeli ya mtu mzima ilikuwa na spoki 72. Nchi nyingi ziligawa sawasawa, 36 mbele na 36 nyuma. Waingereza waligawa 32 na 40. Jumla ni ileile, lakini Waingereza walizipeleka mahali penye mzigo, maana uzito mkubwa wa mwendeshaji uko nyuma. Sisi tulitawaliwa na Waingereza, kwa hiyo baiskeli za Raleigh kutoka Nottingham zikatufikia na 32 na 40 zake. India nayo ilirithi mtindo huohuo, na viwanda vyake kama Hero cha Ludhiana, kilichoanza mwaka 1956, vikaendelea kutengeneza baiskeli nyeusi kwa namba hizohizo. Ndiyo maana hata baada ya uhuru, baada ya Raleigh kuwa ghali, ringi mpya yenye matundu 40 iliingia kwenye habu kuukuu yenye matundu 40. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Ukishaweka kiwango na watu milioni wakakitegemea, hukibadilishi kirahisi. Safari hii kiwango kilikuwa kizuri.

Kisha boda boda ikazaliwa. Ilianzia huku kwetu magharibi, mpakani Busia, katika miaka ya 1960, ambako waendeshaji walivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, kutoka boda moja hadi boda nyingine. Hakuna mhandisi wa Nottingham aliyepiga hesabu ya mama mwenye mtoto mgongoni na debe la mahindi mkononi, wote wamekaa juu ya ekseli ya nyuma. Lakini zile spoki 40 zilikuwa na akiba, na akiba hiyo ndiyo iliyotulisha. Ringi yenyewe ilikuwa chuma cha aina ya Westwood, iliyopinda kingo kwa sababu breki za vyuma zinavuta juu na kubana upande wa ndani. Ringi hiyo ni nzito, na kwenye mvua breki zake ni sala tu. Ila ikigongwa na shimo, kuka aliinyoosha kwa nyundo na jiwe. Ringi ya alumini ukiifanyia hivyo inapasuka.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, chini ya 250cc. Baada ya miaka michache stendi ya Malava ilijaa moshi, na baba akarudi shambani kulima miwa. Black Mamba yake bado iko, imetundikwa jikoni kwa kukhu.

Huko ulaya na Marekani mambo yalikuwa yamekwenda njia nyingine. Januari 1984, Mwitaliano Francesco Moser alivunja rekodi ya saa moja mjini Mexico City kwa kwenda kilomita 51.151 akitumia magurudumu ya sahani yasiyo na spoki kabisa. Dunia ikaelewa kwamba spoki zinapiga upepo na upepo unamla mwendeshaji. Miaka hiyohiyo viwanda vilianza kuuza baiskeli za kawaida zenye spoki 32 mbele na 32 nyuma. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, aliyekuwa mwalimu wa wapenda baiskeli wengi kwenye intaneti, alilalamika kwamba hiyo ilikuwa hila ya wauzaji: mnunuzi aliambiwa ni za mashindano, na kiwanda kikaokoa spoki nane katika kila baiskeli. Baadaye zikaja ringi ndefu, ngumu kwa ubavu, zinazosambaza mzigo kwa spoki nyingi zaidi. Hapo 24 au 20 zikawa za kweli, si hila. Zinatosha kwa mtu wa kilo 65 kwenye lami laini, mwenye gari la timu nyuma yake lililobeba magurudumu ya akiba.

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi. Kilo 65. Lami laini. Gari nyuma. Mimi sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Na kuna jambo moja zaidi linalofanya gurudumu la kisasa la nyuma kuwa katika hali mbaya kuliko la baba. Black Mamba ina gia moja, kwa hiyo ringi inakaa karibu katikati ya habu na spoki za kulia na kushoto zinakazwa karibu sawa. Baiskeli ya mbio ina gia 11 au 12 upande wa kulia. Gia hizo zinasukuma spoki za kulia ziwe wima, zikazwe sana, na za kushoto zibaki na mkazo mdogo. Zenye mkazo mdogo ndizo zinazolegea haraka. Yaani tumeongeza tatizo nyuma, halafu tukapunguza wabebaji.

Sasa mdogo wangu. Ana miaka 19, kilo 70, na anataka mbio za barabarani. Wakati wa mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, alitazama kila dakika kwenye simu yangu akanimalizia data. Hana jozi ya magurudumu ya mazoezi na jozi ya mashindano. Atakuwa na jozi moja tu, na itamlazimu kupita barabara zilezile zinazokanyagwa na trekta za miwa ziendazo kiwanda cha West Kenya. Pesa zilikuwa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nikikosea, hakuna jozi ya pili, na akiangukia mteremkoni na gurudumu lililokunjika, mimi ndiye niliyemchagulia.

Nilianza na hesabu. Ringi ya mbio ina mzunguko wa karibu milimita 1,950. Ukiweka spoki 20, kati ya moja na nyingine kuna milimita 98. Ukiweka 32 ni 61. Ile ya baba yenye 40 ilikuwa na kama 50. Spoki moja ikikatika kwenye 32, pengo ni kubwa lakini breki bado zinaweza kufunguliwa kidogo na ukafika nyumbani. Na je, uzito? Spoki ya kawaida ya milimita 2 pamoja na nati yake ni gramu 8 hivi. Kutoka 24 kwenda 32 unaongeza gramu zisizozidi 65. Hilo ni yai moja la kuku! Watu wanalala njaa ya usalama kwa ajili ya yai.

Nikachagua 28 mbele na 32 nyuma. Nyuma nilitamani 36, lakini habu niliyoipata kwa bei yangu ilikuwa na matundu 32. Spoki ni zile za kawaida zenye kikunjo, zinazokatana mara tatu. Zile zilizonyooka za lile gurudumu langu hazikupatikana Malava wala Kakamega, nikangoja siku tisa kuletewa moja. Ringi ni ya alumini yenye kuta mbili, si ndefu sana, na pana kiasi cha kuingia tairi la milimita 32, maana hewa nyingi ndani ya tairi nayo inapokea mashimo kabla ya spoki.

Hapo kwenye tairi nusura nipoteze pesa, kwa hiyo sikilizeni. Sokoni niliambiwa "hili ni 28, linaingia." Black Mamba ni 28, na baiskeli ya mbio nayo watu huita 28. Lakini ni vitu viwili tofauti. Ringi ya Black Mamba ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Ya mbio ni 622. Tofauti ni milimita 13, inatosha kabisa tairi kuruka nje ukilijaza upepo. Tazameni ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zenye mstari katikati, kwa mfano 32-622. Ya pili ndiyo kipenyo. Iamini hiyo, usiamini jina. Waandishi wa programu wenzangu, hili ni lile kosa letu la kuvipa vitu viwili jina moja.

Kuunda magurudumu yenyewe nilifanya kwa kuka, chini ya mwembe. Mimi nilikuwa na programu niliyoiandika kwenye simu: unagonga spoki, simu inasikiliza mlio, inakokotoa mkazo, kwa kuwa waya ukikazwa zaidi sauti hupanda. Kuka alikuwa na ukucha. Alipitisha ukucha kwenye spoki zote, akasimama kwenye moja upande wa kushoto, akasema, "Hii imelala." Nikaipima. Simu ikakubaliana naye. Akasimama kwenye nyingine, simu ikasema iko sawa. Akaipima tena kwa ukucha, akaikaza robo ya mzunguko bila kunijibu.

Alipomaliza alihesabu, kama kawaida yake, bila sauti. "Nyuma ni nyingi kuliko mbele," akasema. "Hapo sawa."

Mdogo wangu amekwenda nayo Webuye na kurudi mara kadhaa sasa. Kila jioni namwambia aipindue, aguse spoki moja moja. Mwanzoni alicheka. Jumapili iliyopita nilimpata ameketi uani, kidole kwenye ringi, na baba amesimama nyuma yake akihesabu pamoja naye. Walifika 32, baba akangoja kidogo, kama mtu anayesubiri zile nane zilizobaki.

Haya ndugu zangu, kama una baiskeli nyumbani, nenda kahesabu halafu uniandikie: ngapi mbele, ngapi nyuma, na unapita barabara gani? Tutaonana tena.